Sauti Iliyokwama Giheta

Asubuhi ya Alhamisi sauti ya Dorotea ilisikika hadi kwa jirani aliyekuwa akipalilia maharage ng'ambo ya migomba, lakini Tanga haikufika. Kwenye kioo cha kompyuta Bi Husni, mwenye shule ya lugha, alionekana vizuri kabisa: mtandio wa kijani, miwani, pangaboi likizunguka nyuma ya kichwa chake. Aligusa sikio akatikisa kichwa. Dorotea akajisogeza, akarudia salamu kwa nguvu zaidi. Bi Husni akatikisa kichwa tena, akasema, na maneno yake yeye yalifika safi, kwamba anamwona mwalimu akichezesha midomo ila hasikii hata mkwaruzo.

Dorotea alichomoa hedifoni, akaipuliza ile pini kama watu wanavyopuliza betri za redio, akaichomeka tena. Akakivuta kile kipaza sauti kidogo mpaka kikamgusa mdomo. Aliimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani. Jirani ng'ambo ya migomba akaitikia kiitikio. Bi Husni hakuitikia. Mwishowe Dorotea alirarua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa NINAKUSIKIA, WEWE HUNISIKII, akaiinua mbele ya kamera. Bi Husni alicheka kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma. Alijiona kama mtoto aliyeitwa ubaoni akasahau jina lake.

Bi Husni hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba Jumamosi saa nne asubuhi kulikuwa na somo la majaribio, na mwanafunzi wake ni muuguzi kutoka Ureno anayejiandaa kwenda kufanya kazi Bukavu. Somo likienda vizuri, Dorotea angepewa wanafunzi wake wa kudumu. Lakini kama hadi Jumamosi sauti ingekuwa bado haitoki, somo lingepewa mwalimu mwingine, maana waliokuwa wakisubiri nafasi walikuwa wengi. Akaaga. Kioo kikabaki na picha ya Dorotea peke yake, mdomo wazi.

Mumewe Kasiano alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, jembe begani, matope yakimkauka miguuni. Wote wawili walikulia kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, wakarudi Burundi wakiwa watu wazima, na Kirundi chao mpaka leo kilikuwa na lafudhi iliyowachekesha watu wa Giheta. Kiswahili ndicho kitu pekee walichokuja nacho ambacho wenzao hawakuwa nacho, na sasa kilikuwa kimepata mnunuzi. Kwa ajili ya kompyuta hiyo Kasiano alikuwa amemuuza ndama, jike, mwenye dalili zote za kuwa ng'ombe wa maziwa mazuri.

"Mama Crispin," alisema, "yule Mkongo ametuuzia sanduku."

"Alinisikia mwenyewe pale dukani siku tuliyonunua," Dorotea alijibu. "Ilikuwa inafanya kazi."

"Ndiyo wanavyofanya. Inafanya kazi mbele ya macho yako, ukifika nyumbani imekufa."

Dorotea aliifunga kompyuta. Alikuwa anaitazama ile karatasi.

Mchana walikwenda Gitega mjini, kwa fundi mmoja aitwaye Ilyasi, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko. Ilyasi alikuwa kijana mchangamfu mwenye haraka. Alichomeka hedifoni, akaweka muziki, akasikiliza huku akitingisha bega. Muziki ulikuwa unatoka. Kisha akasema neno kwenye kipaza sauti, akaangalia kioo, akasema mikro imekufa, hata lile tundu la kuchomekea limekufa, na labda kadi nzima ya sauti. Akashauri waiache kompyuta kwake, aagize kadi Bujumbura, wapitie wiki ijayo au ile nyingine.

Dorotea alimwambia kwamba somo lilikuwa Jumamosi. Ilyasi akamuuliza ni somo gani. Aliposikia kwamba mama huyu mwenye kitenge na viatu vya plastiki anafundisha Wazungu Kiswahili, akageuka akawaita mafundi wawili wa vibanda vya jirani waje wamwone. Hawakumtukana. Walimtazama tu kwa furaha, mmoja akamwomba aseme Kiswahili kidogo kile cha Tanzania, naye Dorotea, ambaye siku nyingine angecheka nao, aliifunga kompyuta akaifungia kwenye kanga.

Kasiano alikuwa amekwisha kupiga simu. Alikuwa anaongea na Namegabe, yule Mkongo mwenye duka la Muyinga, kwa sauti ambayo soko zima lingeweza kuisikia bila msaada wa mashine yoyote. Alimwambia wanakuja, na kwamba ama awape kompyuta nzuri ama awarudishie ndama. Namegabe akauliza ndama gani. Kasiano akakata simu.

Dorotea alijua mumewe hawezi kuachwa aende peke yake.

*

Esansi, yaani petroli, ilikuwa imeadimika tena. Ijumaa waliamka na mapema, na bado jua lilikuwa limepanda sana walipopata gari la kwenda Muyinga kwa njia ya Karusi. Dereva aliwaambia kabisa, kabla hawajaingia, kwamba kwenda atakwenda, lakini kurudi anamwachia Mungu, maana kilichomo kwenye tangi kinatosha safari moja. Dorotea alisita. Kama wangekwama Muyinga, somo la Jumamosi lingefanyikia wapi? Kisha akafikiria kwamba bila sauti hakuna somo popote, akaingia. Dada yake mkubwa, Gaudensia, alikuwa ameolewa Mwakiro, si mbali na Muyinga mjini, wangelala kwake.

Njia nzima Kasiano alikuwa anapanga maneno. Dorotea aliyaona yakipita usoni mwake, mengine yakiachwa, mengine yakichaguliwa. Walipofika alikuwa ameyachagua makali.

Duka la Namegabe lilikuwa chumba kimoja upande wa chini wa soko, katikati ya fundi cherehani na mashine ya kusaga muhogo. Namegabe alikuwa mtu mnene wa makamo, aliyetoka Kivu ya Kusini na mkewe Elyse na kuanza biashara kwa kuuza chaja. Sasa alikuwa na kompyuta za mtumba zilizopangwa ukutani kama vitabu, redio, na friji mbili. Wateja wanne watano walikuwa ndani. Aliwaona Dorotea na Kasiano, akafungua mikono kuwakaribisha.

Kasiano hakusalimia. Aliweka kompyuta juu ya meza, akawageukia wale wateja, wala si Namegabe, akawaambia waangalie wanapoweka fedha zao. Akawaambia jinsi alivyomuuza mnyama wake, na jinsi mkewe alivyoaibika mbele ya watu wa nje, kwa sababu mtu huyu huuza mashine zilizokufa akazipaka mafuta zing'ae. Aliyasema yote kwa ufasaha, kwa Kiswahili kilichonyooka, na kila mtu alielewa. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshika redio aliirudisha taratibu mahali pake. Mwingine akatoka nje.

Namegabe alishusha mikono. Elyse, aliyekuwa akifuta vumbi kwenye friji, aliacha kufuta.

"Papa," Namegabe alisema, "mi niko muntu wa biashara, hapana mwizi. Siku ile niliwaambia bien: mikro ya ndani ya hii mashini haitumike, njo maana niliwapatia hii kaske ya masikio ya bure. Mama alisema mu kaske, sisi wote tukasikia. Ni vile ama si vile?"

Swali lile lilikuwa limeelekezwa kwa Dorotea. Wateja waliobaki wakamtazama. Alimwona mumewe pia akimtazama, akingoja.

"Ni vile," alisema Dorotea. "Alituambia, na nilisikika."

Kasiano alivuta pumzi kupitia puani akaenda kusimama mlangoni.

Namegabe alifungua kompyuta. Dorotea aliona haya kwa ajili yake. Namegabe akachomeka hedifoni waliyoileta. Muziki ulitoka, kipaza sauti hakikutoa kitu. Akachukua hedifoni mpya dukani, akaichana nailoni. Ikawa vilevile. Akachukua ya tatu. Sasa hata yeye alianza kuamini kwamba tundu limekufa, na kwamba neno la Kasiano mbele ya wateja lilikuwa la kweli.

Elyse ndiye aliyemwambia aketi kwanza. Akamletea chai. Namegabe akanywa, akaingia kwenye mipangilio ya sauti, akaanza kusoma kwa Kifaransa, taratibu, huku akimfasiria Dorotea. Pale penye kipaza sauti paliandikwa kwamba hakuna kitu kilichochomekwa.

"Lakini kimechomekwa," alisema Dorotea. "Mimi nakiona."

"We unaona. Yeye haone." Namegabe akafikiri namna ya kueleza. "Iko piloti mu kati. Ule njo anasema na tundu."

Dorotea alisikia piloti akafikiria ndege. Namegabe akacheka, mara ya kwanza tangu walipofika, akamweleza kwamba ni programu ndogo iliyokaa kati ya mashine na kila kifaa kinachochomekwa, kazi yake kuitambulisha. Tundu la kompyuta hii lilikuwa moja tu, na tundu hilohilo lilikubali spika za masikioni peke yake, au kipaza sauti peke yake, au hedifoni yenye vyote viwili. Pini zinafanana. Kwa hiyo piloti, akihisi pini imeingia, hawezi kujua kwa hakika ni kitu gani. Anafungua kidirisha na kukuuliza umechomeka nini. Ukimwambia hedifoni yenye mikro, anafungua njia mbili, ya kusikia na ya kusema. Ukimwambia spika za masikioni tu, anafungua ya kusikia, ile ya kusema anaifunga, na hata ukipiga kelele namna gani, kwake mikro haipo.

Dorotea alisikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi, akingoja pale penye mwanya.

"Basi mbona haituulizi?" alisema. "Tumechomeka mara nyingi leo. Hakuna dirisha lililofunguka."

Namegabe akasimamisha kikombe hewani. Akachomoa pini, akachomeka, wakakitazama kioo wote wawili. Hakuna kilichouliza. Akasema polepole kwamba siku ya kuuza kidirisha kilikuwa kinauliza, yeye mwenyewe ndiye aliyejibu. Kama sasa hakiulizi, ni kwamba kuna mtu aliyekijibu vingine, kisha akakikataza kuuliza tena.

Mlangoni, Kasiano alikohoa.

Namegabe alikuwa anatafuta mahali pa kulirudisha swali lile umeme ulipokatika. Betri ya kompyuta ilikuwa imechoka kwa kazi ya mchana kutwa. Kioo kikaonya, kikazimika. Alisema jenereta haina esansi hata tone. Waje kesho na mapema, umeme ukiwa umerudi ataendelea, na kama haukurudi ataazima betri ya gari kwa padri. Alisema hivyo bila kinyongo, akawasindikiza mpaka njiani, kama mgeni wa heshima anavyosindikizwa. Kasiano alimpa mkono huku akiangalia pembeni.

*

Kule Mwakiro, Gaudensia alikuwa amewapikia ugali wa muhogo na samaki wadogo wa Tanganyika, chakula ambacho Kasiano hukisifia mwaka mzima. Kasiano alimega matonge mawili akaacha. Gaudensia akamuuliza shemeji yake kama tumbo linamuuma. Akasema hapana. Akamuuliza kama ni malaria. Akasema labda. Gaudensia akamchemshia mwarobaini mchungu, akasimama juu yake mpaka akaumaliza wote, naye akaunywa bila neno. Dorotea akamtazama kwa mshangao, maana mumewe hajawahi kunywa mwarobaini bila kesi.

Asubuhi walipanda baiskeli za abiria. Walipofika kwenye mlima mkali, kama ilivyo desturi, abiria wakashuka ili wenye baiskeli wasukume. Dorotea na Kasiano wakawa wanatembea nyuma, kompyuta mgongoni kwa Dorotea ndani ya kanga kama mtoto.

Kasiano alianza kwa kusema kwamba kompyuta ya Kifaransa ni kitu kigumu kwa mtu aliyesomea Kigoma. Dorotea akakubali. Kasiano akasema mtu anaweza kuchomeka spika zake ndogo za simu, asikilize kwaya kidogo baada ya kutoka shambani, mke akiwa kisimani. Dorotea akapunguza mwendo.

"Ikaja ile dirisha," alisema Kasiano. "Ina picha. Nikaona picha inayofanana na spika zangu, nikaibonyeza. Kila nikichomeka inakuja tena, inaniuliza, inaniuliza. Chini kulikuwa na kisanduku kidogo. Nikakiwekea alama, ikanyamaza. Nikafurahi."

Dorotea alisimama katikati ya njia.

"Tangu jana ulijua."

"Tangu pale uliposema mbona haituulizi."

"Na ukanyamaza."

"Ningesemaje, Dorotea? Nilikuwa nimekwisha kumwita mwizi mbele ya watu."

Alitarajia hasira. Dorotea mwenyewe alitarajia hasira, akaitafuta, lakini kila alipoikaribia alimwona mumewe akimeza mwarobaini wa Gaudensia huku amefumba macho, hana malaria wala nini. Kicheko kilimshika kwenye mbavu, akalazimika kuinama, akaishika kompyuta isianguke. Wenye baiskeli wakageuka kumtazama. Kasiano alisubiri kwa subira mkewe amalize.

Alipomaliza, Dorotea alijifuta macho, akamwambia kwamba yeye amekwisha kumsamehe, lakini aliyeibiwa jina lake si yeye.

*

Umeme ulikuwa umerudi. Namegabe alikuwa amefungua duka mapema, amelala vibaya, ameota matundu. Kabla hajasema lolote Kasiano alimwendea, akamweleza yote, kwa sauti ya chini, haraka haraka. Hakuna mteja aliyekuwamo bado. Namegabe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mkewe akamwambia, "Elyse, tundu haijakufa," na kitulizo kilichokuwa katika maneno yale kilimwaibisha Kasiano kuliko kama angetukanwa.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Namegabe alifungua ukurasa wa piloti wa sauti, akapata kile kisanduku, akaondoa alama. Akamwambia Kasiano achomeke pini yeye mwenyewe. Dirisha likafunguka na picha zake. Namegabe akamwonyesha ile ya hedifoni yenye kijiti mdomoni. Kasiano akaibonyeza kwa uangalifu wa mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Dorotea akasema, "Habari ya asubuhi," na kwenye kioo mstari wa kijani ukaruka.

Ukaendelea kuruka hata alipokuwa amenyamaza. Ilikuwa mashine ya Sudi, jirani, imeanza kusaga muhogo.

Namegabe alipunguza nguvu ya kipaza sauti. Mashine ikapungua, na Dorotea naye akapungua, akawa kama anaongea toka ndani ya mtungi. Akaongeza; mashine ikarudi. Alijaribu ile sehemu ya kuchuja kelele, ikachuja mashine pamoja na nusu ya maneno ya Dorotea. Saa nne ilikuwa inakaribia. Esansi ya kuwapeleka mahali pengine haikuwapo, na Mwakiro mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka upendavyo. Dorotea akamtazama mumewe. Kasiano akatoka bila kuambiwa.

Sudi hakuwa tayari kuzima mashine. Ilikuwa siku ya soko, kina mama walikuwa wamepanga mabeseni yao hadi barabarani, na huyu mtu wa Gitega ndiye aliyekuja jana kumzomea jirani yake. Alimwuliza Kasiano mbele ya kina mama wale kama leo tena ameleta kesi. Kasiano akavua kofia. Akasema hakuleta kesi, amekuja kuomba. Akaeleza habari ya mkewe, na ya mwanafunzi anayengoja Ureno, na ya sauti iliyokwama Giheta tangu Alhamisi. Kisha akaeleza, kwa kuwa hakuona njia ya kukwepa, ni nani aliyeikwamisha, na kwamba maneno yote aliyoyasema jana kuhusu Namegabe yalikuwa uongo ambao yeye aliuamini. Hakuna aliyemsaidia kumalizia sentensi. Alipofika mwisho, bibi mmoja mwenye beseni la kwanza kabisa aliuliza kwa Kirundi kama ni kweli kuna Mzungu anayefundishwa na mama huyo. Kasiano akasema ego, ndiyo. Bibi akaketi juu ya jiwe, akamwambia Sudi azime, muhogo hauozi kwa saa moja.

*

Bi Husni alitokea kwenye kioo, na pembeni yake, katika kidirisha kingine, mwanamke mwenye nywele fupi. Dorotea akasema, "Shikamoo Bi Husni." Akaona nyusi za Bi Husni zikipanda.

"Marahaba, mwanangu. Sasa nakusikia mpaka pumzi."

Somo lilianza. Muuguzi alikuwa mwanafunzi mwenye bidii, amekariri sentensi kitabuni, anazitoa moja moja kama mayai. Dorotea akamlegeza kwa maswali ya kazi: anamwambiaje mgonjwa akae, anamwulizaje panapouma. Baada ya muda alisahau kabisa kuwa yuko dukani. Hakuona kwamba mlangoni kina mama wa mabeseni walikuwa wamejaa kimya kimya, na Elyse amejiwekea kidole mdomoni kuwanyamazisha.

Kisha muuguzi akauliza jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Aliambiwa kwamba Kiswahili cha Bukavu si hiki cha kitabu, na aliogopa kwamba atafika, aongee vizuri, na asielewe anachojibiwa. Je, huko watu wanaongeaje?

Dorotea angeweza kujibu. Alijua vya kutosha kwa kuigiza, na nyumbani kwake waliigiza mara nyingi, wakicheka. Kwa kina Dorotea Kiswahili cha Kikongo kilikuwa kitu cha kuchekwa kama Kirundi chao kilivyochekwa Giheta. Alimtazama Namegabe, aliyekuwa amejibanza pembeni akilinda waya wa umeme usiguswe.

Akamwambia muuguzi asubiri kidogo, anamletea mwalimu, akavua hedifoni.

Namegabe alikataa kwa mikono yote miwili. Alinong'ona kwamba lugha yake iko mubaya. Dorotea akamwambia hiyo ndiyo inayotakiwa, akamvika hedifoni mwenyewe. Namegabe akakohoa, akakisogelea kijiti cha mdomo kama mtu anayeonja supu ya moto.

"Jambo, mama. Ukifika kule kwetu, mugonjwa atakuambia: docteur, mi minasikia kichwa. Haiko kusikia na masikio. Ni kusema kichwa kinamuluma. We utamuuliza: inaluma tangu lini? Yeye atasema: tangu juzi, lakini leo iko ngambo mukubwa."

Hapo alikwama, kwa sababu "ngambo mukubwa" lilikuwa neno alilolizua kwa woga, na Elyse alilipuka kwa kicheko nyuma ya friji. Kina mama mlangoni wakacheka pia, hata wasioelewa. Namegabe akajisahihisha, akacheka mwenyewe, na muuguzi kule Ureno, aliyekuwa amekaa wima kama mtu anayepigwa picha, akaegemea kiti. Akajaribu: "Mi minasikia kichwa." Namegabe akamwambia iko bien. Wakaendelea hivyo, Namegabe akiwa mgonjwa, muuguzi akimpima, Dorotea akichungulia kwenye kamera pembeni mwake kueleza kila neno limetoka wapi, mpaka saa ikaisha bila mtu kuangalia.

Muuguzi alipoaga, Bi Husni alibaki. Alimwambia Dorotea avae tena hedifoni. Dorotea akaivaa na moyo wake ukiwa mzito, maana alikumbuka kwamba alikuwa amemkabidhi mwenye duka somo la shule ya watu bila ruhusa.

Bi Husni akamuuliza yule baba ni nani. Dorotea akasema ni rafiki wa familia, naye Kasiano pale alipokuwa akainamisha kichwa. Bi Husni akasema kwamba katika miaka yake ya kuendesha shule hajaona mwanafunzi akicheka kwenye somo la kwanza. Jumatatu angemtumia Dorotea ratiba ya wanafunzi wake. Na yule baba, kama ana nafasi, awe anaalikwa mara moja moja kuja kuugua, shule ingemlipa. Halafu akauliza, kwa sababu lilikuwa linamsumbua, kama nyumba ya Dorotea huwa na wanawake wengi hivyo wenye mabeseni vichwani.

*

Gari la kurudi Gitega halikupatikana Jumamosi, wala Jumapili baada ya ibada. Dorotea alikaa Mwakiro na dada yake akiandaa masomo. Kasiano kila asubuhi alikwenda mjini kutafuta esansi, na kila siku alichelewa kurudi.

Jumatatu Dorotea alimfuata. Hakumkuta kwenye stesheni ya esansi. Alimkuta mbele ya duka la Namegabe, kofia mkononi, akimzuia njiani mtu aliyekuja kununua chaja. Alikuwa anamweleza kwamba hili ndilo duka la mtu mwaminifu kuliko wote Muyinga, na kwamba asiamini maneno aliyoyasikia Ijumaa, maana aliyeyasema ni yeye na alikuwa mjinga. Yule mtu hakuwa amesikia neno lolote Ijumaa. Sasa alitaka kujua ni maneno gani, na je, ni kweli mashine za hapa zinapakwa mafuta?

Namegabe alitoka nje, akamshika Dorotea mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mama Crispin," alisema, "nakuomba, umurudishe papa ku Gitega. Nimemusamehe tangu Samedi ile ya somo. Lakini akiendelea kuniomba pardon, nitafunga duka."

Nyuma yao Kasiano alikuwa amempata mteja mwingine.